Bentham: Wakili aliyeikimbia korti akaanza kuipigia sheria hesabu

Vijana watatu wa mtaa wetu walishikwa usiku mmoja wakiwa na kisu cha jikoni na simu isiyo yao. Mwenye simu hakuwa na hata mkwaruzo. Asubuhi, pale kwa mama wa chapati, kila mtu alikuwa akisema hao wamekwisha, nami nikadhani ni kutia chumvi tu. Simu ni simu. Kumbe sikujua sheria ya nchi yangu. Binamu yangu anayesomea uwakili alinifungulia Kanuni za Adhabu za Kenya, akanionyesha kifungu cha 296(2). Ukiiba kwa mabavu ukiwa na silaha hatari, au ukiwa na mwenzako hata mmoja, adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Kisha akarudi nyuma hadi kifungu cha 204, kile cha kuua mtu. Kifo vilevile.

Sasa hebu jifanye wewe ndiye yule kijana mwenye kisu. Mwenye simu ameiona sura yako vizuri, chini ya taa ya barabarani. Ukimwacha aende, kesho anaweza kukutambua mbele ya polisi, na kitabu kinasema kifo. Ukimmaliza, hakuna shahidi, na hata ukishikwa kitabu kinasema kifo hichohicho. Sheria imekupa sababu gani ya kumwacha hai?

Swali hilo si langu. Nililikuta kwenye noti za binamu, somo la kuchambua sheria kwa jicho la uchumi, na jina lililopigwa mstari mara mbili lilikuwa Jeremy Bentham. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa kupatikana, kwa hivyo noti za watu huwa nazisoma bila kuogopa mtihani. Nilianza saa tatu usiku nikidhani nitachungulia tu. Nilizima taa saa nane.

Bentham alizaliwa London tarehe 15 Februari 1748. Baba yake, Jeremiah, alikuwa wakili mwenye pesa na ndoto moja tu: mtoto wake awe Lord Chancellor, cheo cha juu kabisa ambacho mwanasheria angeweza kufikia Uingereza. Kwa hivyo mtoto alianzishwa Kilatini akiwa na miaka 3. Alikuwa mdogo wa mwili, mnyonge, anapenda fidla, na anaogopa mizuka kwa sababu watumishi wa nyumbani walimjaza hadithi za kutisha. Mama yake alifariki 1759. Kati ya watoto saba waliozaliwa, waliokua ni wawili tu, yeye na mdogo wake Samuel. Huyo Samuel mshike vizuri, tutamhitaji.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa Queen's College, Oxford. Ndiyo, 12, umri ambao sisi wengine tulikuwa tunacheza bano. Huko alitakiwa kutia sahihi kwamba anaamini vipengele 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza. Vingine havikumwingia akilini hata kidogo, lakini bila sahihi hakuna digrii, na baba anangoja nyumbani. Akatia sahihi. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni, na ukitaka kujua chuki yake kwa taasisi kubwa ilianzia wapi, mimi ningeanzia hapo.

Mwaka 1763 aliketi kwenye mihadhara ya William Blackstone, aliyekuwa bingwa wa sheria za Uingereza wakati huo. Wanafunzi wengine walikuwa wakiandika noti kwa adabu. Bentham, kijana wa miaka 15, alikuwa ameacha kuandika, kwa sababu kila alichosikia alikiona kina shimo. Blackstone alikuwa akieleza sheria ilivyo na kuisifia papo hapo, kana kwamba kitu kikiwepo kwa muda mrefu basi ni kizuri. Bentham alitaka kujua jambo lingine: hii sheria inafanya kazi gani? Inamuumiza nani, inamsaidia nani, na ukijumlisha na kutoa unabaki na nini?

Alipata ruhusa ya kuwa wakili 1769. Baba alikuwa tayari amemtafutia kesi. Unajua alifanya nini? Alitafuta namna ya kuziua hizo kesi, akimshauri mteja kwamba kuendelea ni kutupa pesa. Kisha akagundua mchezo wa korti ya Chancery: mteja alitozwa ada ya vikao vitatu mbele ya ofisa wa korti, na kilichofanyika ni kikao kimoja tu. Kila mtu pale alijua. Hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zamani. Bentham aliona kitu ambacho kingemkalia kichwani maisha yake yote, kwamba majaji, makarani na mawakili ni kama kampuni moja, na bidhaa wanayouza ni ugumu wa sheria. Sheria ikieleweka na mwananchi, biashara inafungwa.

Akaacha uwakili. Fikiria uso wa baba.

Mwaka huohuo wa 1769 alikuwa amezama kwenye vitabu, na kimoja kilimtikisa: kijitabu cha 1764 cha Mwitaliano Cesare Beccaria kuhusu makosa na adhabu. Beccaria alisema mwizi hazuiwi na ukali wa adhabu kama anavyozuiwa na uhakika wa kunaswa. Bentham akalichukua wazo hilo akalifanyia kazi kama fundi wa saa. Mwaka 1776 alitoa kitabu kidogo cha kumrarua Blackstone bila kuweka jina lake, na London yote ikaanza kubahatisha ni nani huyo mkubwa aliyekiandika. Kikauzwa. Halafu baba, kwa kujivunia, akaropoka kwamba ni mwanawe. Watu waliposikia ni kijana asiyejulikana, mauzo yakaanguka. Maskini.

Kitabu chake kikubwa, kile cha misingi ya maadili na utungaji wa sheria, alikichapisha 1780, akakiweka tu, kikatolewa rasmi 1789. Ni kigumu kama githeri isiyoiva. Lakini ndani yake kuna mambo ambayo hadi leo mwanafunzi wa sheria akiingia darasa la uchumi wa sheria ndiyo anaanza nayo, hata kama mwalimu hamtaji mzee.

La kwanza ni kwamba binadamu hupiga hesabu. Wengine vizuri, wengine vibaya, lakini hata aliyekasirika huwa na hesabu fulani. Anapima raha atakayopata: ina nguvu kiasi gani, itadumu kwa muda gani, ina uhakika gani, iko karibu au mbali. Upande wa pili anaweka maumivu. Adhabu ni bei inayowekwa upande huo wa pili.

Chukua matatu yetu. Tuseme dereva akipita upande usiofaa wa barabara anaokoa muda wa kupata Sh500 zaidi kwa safari. Tuseme faini ni Sh10,000. Ukisikia hivyo utasema hawezi kuthubutu. Lakini tuseme pia kwamba katika safari 100 anashikwa mara moja. Gawanya: kwa kila safari hiyo faini inamgharimu Sh100 tu. Anabaki na Sh400 mfukoni. Na kama anayemshika anakubali kitu kidogo cha Sh200 badala ya kumfikisha kortini, basi bei halisi ya kosa hilo ni Sh2 kwa safari. Sheria iliyo kwenye karatasi inasema Sh10,000, lakini dereva hasomi karatasi, anasoma barabara. Bentham aliandika waziwazi kwamba pale uhakika wa kunaswa unapopungua, lazima uzito wa adhabu upandishwe ili kufidia. Na pia kwamba adhabu ikichelewa hupoteza nguvu, kama deni la mwakani.

Wabunge wengi huchukua nusu ya kwanza ya hesabu hiyo na kukimbia nayo. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sheria iliweka faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni, au jela hadi miaka 4. Wiki za kwanza mji ulikuwa na hofu ya kweli. Leo pita sokoni jioni, ununue nyanya, uone unafungiwa ndani ya nini. Milioni nne hazikuondoka kwenye kitabu. Kilichoondoka ni mtu wa kukushika.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Makosa mawili yakiwa jirani, alisema Bentham, adhabu ya kubwa lazima iwe nzito kuliko ya dogo, ili anayetenda dogo abaki na sababu ya kutopanda hadi kubwa. Ukizisawazisha, umemwambia mwizi achague vyovyote. Uingereza ya wakati wake ilikuwa imefanya hivyo hasa. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 19, makosa zaidi ya 200 yalikuwa na adhabu ya kunyongwa. Kuua mtu, kunyongwa. Kuiba kondoo, kunyongwa. Kuiba ndani ya nyumba vitu vya shilingi 40, kunyongwa.

Na hapo ndipo ukali ulipojila wenyewe. Wazee wa baraza pale kortini, wale raia wa kawaida walioamua kama mtu ana hatia, walikuwa wakiona aibu kumpeleka kijana kwenye kitanzi kwa ajili ya vyombo vya fedha. Kwa hivyo waliapa kwamba mali iliyoibwa ilikuwa ya shilingi 39, hata kama kila mtu aliyekuwa ndani ya chumba aliona ni zaidi. Adhabu ilikuwa kubwa mno hivi kwamba hakuna aliyetaka kuilipisha, na mwizi mjanja alilijua hilo.

Sisi je? Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi ziwe kifungo cha maisha, na 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema jaji hawezi kufungwa mikono alazimike kutoa hukumu ya kifo kwa kesi ya mauaji. Lakini vifungu vile viwili alivyonionyesha binamu havijaondoka kitabuni, na kijana mwenye kisu hajui habari za Mahakama ya Juu.

La tatu watu hulisahau: adhabu yenyewe ni gharama. Maumivu ya mfungwa ni maumivu, na ugali wake unalipiwa ushuru na wewe na mimi. Kwa hivyo Bentham aliandika kwamba kuna pahali adhabu haifai kabisa. Pale ambapo hakuna madhara yaliyofanyika. Pale ambapo haiwezi kumzuia mtu, mfano mtoto au mgonjwa wa akili. Pale ambapo inagharimu kuliko kosa lenyewe. Na pale ambapo njia ya bei nafuu ingetosha, kama kumfundisha mtu. Nenda mahakama yoyote ya mjini Jumatatu asubuhi uone waliojaa pale kwa kuuza njugu bila leseni, kisha uniambie wanaingia kwenye kundi lipi.

Karibu miaka 180 baada ya kitabu hicho, mwanauchumi wa Marekani Gary Becker alikuwa amechelewa kumtahini mwanafunzi chuo cha Columbia, New York. Aegeshe gari mbali alipe, au aliache barabarani pasiporuhusiwa? Akapima uwezekano wa kupata faini, akapima faini yenyewe, akaliacha barabarani. Njiani kuelekea darasani akawaza kwamba basi hata wanaoweka faini nao hupiga hesabu ya mara ngapi wakague. Makala yake ya 1968 kuhusu uhalifu na adhabu ndiyo iliyofungua mlango wa somo hili kwenye vyuo, na ndani yake anawataja Bentham na Beccaria kama watangulizi. Mwaka 1992 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitabu cha kufundishia cha Richard Posner wa Chicago, kilichotoka 1973, kikalipeleka somo hadi kwenye mikataba, ardhi na ajali. Bentham hakupata tuzo, ila aliishi miaka 84 na hakuna mtu aliyemzuia kuandika.

Sasa turudi kwa Samuel. Huyu mdogo wake alikuwa injinia, akaenda Urusi kufanya kazi kwa mwanamfalme Potemkin, kwenye shamba lake la Krichev, ambalo leo liko Belarus. Mwaka 1785 Bentham akafunga safari kumtembelea. Huko kwenye baridi na matope yalizaliwa mambo mawili.

Moja ni barua alizoandika kutetea riba, zilizotolewa London kama kitabu 1787. Sheria ya Uingereza ilikataza kutoza riba zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, na hata Adam Smith, baba wa uchumi, aliunga mkono kikomo. Bentham akamwandikia Smith mwenyewe barua moja kati ya hizo. Hoja yake: ukimkataza mkopeshaji kutoza zaidi ya kiwango fulani, hamsaidii mnyonge. Mnyonge ndiye mwenye hatari kubwa ya kutolipa, kwa hivyo benki itamfungia mlango, naye ataenda kwa mkopeshaji wa gizani ambaye atamtoza riba, kisha amwongezee bei ya hofu ya kushikwa. Uingereza ilifuta vikomo hivyo 1854.

Kama ulikuwa na umri wa kukopa Kenya kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, hadithi hii unaijua. Bunge liliweka kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Watu walishangilia, mimi pia. Kisha benki zikageuka, zikaona afadhali kuikopesha serikali kuliko mama mboga, na mama mboga akabaki na simu yake na mikopo ya dakika tano. Kikomo kilipoondolewa 2019, hiyo ndiyo ilikuwa sababu kubwa iliyotolewa.

Lakini hapa mimi na mzee tunaachana kidogo. Bentham aliamini mtu mzima mwenye akili timamu aachwe afanye mkataba wake. Mimi niliwahi kukopa Sh3,000 kwa simu usiku, nyumbani kuna mgonjwa. Kulikuwa na masharti marefu kama Waraka kwa Warumi, nikabonyeza nakubali. Nilipochelewa siku nne, jamaa wa mikopo walimpigia simu mamangu, wakampigia na mwalimu wangu wa zamani. Nilikuwa mtu mzima. Akili timamu ilikuwa hospitalini na mgonjwa. Hesabu ya Bentham ni sahihi, ila inamchukulia anayehesabu kama mtu aliyekaa mezani, ameshiba, na kalamu mkononi.

Jambo la pili kutoka Urusi ni gereza. Samuel alikuwa amebuni jengo la mviringo la karakana, ambapo msimamizi mmoja aliye katikati anaweza kuwaona wafanyakazi wote. Bentham akaligeuza kuwa jela, akaliita Panopticon: wafungwa pembeni, mlinzi katikati, na mfungwa hajui anatazamwa saa ngapi, kwa hivyo anajiheshimu saa zote. Ukiona leo kamera za barabarani na ukajikuta umepunguza mwendo ingawa hujui kama zinafanya kazi, basi umeingia kwa Bentham.

Wengi wanaojua jela hiyo wanajua mnara tu. Mimi nilivutiwa zaidi na mkataba. Bentham alitaka mwenye kuendesha jela awe mfanyabiashara, na yeye mwenyewe alikuwa tayari kuwa wa kwanza. Ila kila mfungwa akifa kuliko idadi ya vifo iliyotarajiwa, mfanyabiashara huyo anatozwa pesa. Yaani mtu asitegemewe kuwa na huruma. Apangiwe mambo hivi kwamba ukatili umtie hasara. Linganisha na kilichokuwa kikifanyika wakati huo. Mwaka 1790 msafara wa pili wa meli za wafungwa ulifika Australia, na wenye meli walilipwa kwa kila kichwa kilichopakiwa Uingereza, si kilichoshuka hai. Karibu robo ya wafungwa walikufa. Chakula cha marehemu kilikuwa faida.

Alihangaika na jela hiyo miaka ishirini. Bunge likapitisha sheria 1794, ardhi ikanunuliwa Millbank, London, 1799, kisha serikali ikaanza kukwepa simu zake, kama wangekuwa na simu. Mwaka 1813 akalipwa fidia ya pauni 23,000. Gereza lililojengwa pale baadaye halikufuata mchoro wake, na leo mahali hapo pana jumba la sanaa la Tate Britain. Yalimvunja moyo, na ndiyo yaliyomfanya aamini kwamba tatizo halikuwa wabunge kukosa akili, bali kwamba wao nao hupiga hesabu, na faida yao si ya mwananchi. Kuanzia hapo akawa mtu wa kudai kura kwa wengi, siri kwenye kupiga kura, na serikali ya bei nafuu.

Uzee wake ulikuwa wa raha ya ajabu. Fimbo yake ya kutembelea aliipa jina Dapple. Alikuwa na paka aliyempandisha cheo hadi akaitwa Mchungaji Sir John Langbourne. Alikimbia polepole bustanini kabla ya chakula na kuandika kila siku, hata leo chuo cha UCL kina karibu kurasa 60,000 za mwandiko wake, nyingi hazijachapishwa. Aliwaandikia wakubwa wa dunia akijitolea kuwatungia sheria. Rais James Madison wa Marekani alichukua miaka mitano kumjibu, kwa heshima, hapana.

Matunda mengine yalikuja kupitia kwa watu wengine. Rafiki yake Samuel Romilly alipigana bungeni kuanzia 1808 kupunguza makosa ya kunyongwa, na yakaendelea kupungua hadi kubaki ya kuhesabu kwa vidole. Thomas Macaulay, aliyeandika rasimu ya Kanuni za Adhabu za India, alikuwa ameathiriwa na mawazo yake, na kanuni hizo ndizo Waingereza walizoleta kwetu wakati wa ukoloni. Zilitumika Kenya hadi 1930. Zilizokuja baada yake zina ukoo tofauti, na ndizo zenye vile vifungu viwili.

Bentham alifariki tarehe 6 Juni 1832. Aliacha wosia kwamba mwili wake upasuliwe mbele ya watu, wajifunze. Hapo napo palikuwa na hesabu. Sheria iliruhusu madaktari kupasua miili ya wauaji walionyongwa tu, na shule za udaktari zilihitaji mingi zaidi. Bidhaa ikiwa haba bei inapanda: wezi wakafukua makaburi, na Edinburgh mwaka 1828 wawili, Burke na Hare, wakaona kufukua ni kazi nyingi, wakaua watu 16 na kuwauza. Miezi miwili baada ya kifo cha Bentham, Bunge lilifungua mlango zaidi, na miili mingi iliyopita kwenye mlango huo ilikuwa ya maskini waliofia kwenye nyumba za mafukara bila ndugu wa kuwadai. Mzee alitoa wake kwa hiari. Hao hakuna aliyewauliza.

Mifupa yake ilivalishwa suti yake mwenyewe, ikajazwa nyasi kavu, ikaketishwa kwenye kiti. Kichwa kilipokaushwa kiliharibika, kikawa cha kutisha, wakaweka cha nta. Yuko UCL, London, ndani ya kioo, wanafunzi wanampita wakienda kunywa kahawa. Kile kichwa halisi kiliibwa 1975 na wanafunzi wa King's College, mahasimu wa UCL, wakadai pauni 100 zipelekwe kwa shirika la misaada. UCL ikapiga bei. Wakaafikiana pauni 10.